Kuonja na kupima wiski ya kimea ya Uskoti: mwongozo kamili kwa pua iliyokulia Pwani

Wiski ya kwanza ya kisiwa cha Islay niliyomiminiwa ilikuwa Laphroaig ya miaka 10, na neno la kwanza lililonitoka baada ya kuinusa lilikuwa, "Hii si Dettol hii?" Mwenyeji wangu alicheka. Lebo ilitaja moshi, mwani na utamu. Mimi niliona wodi iliyotoka kupigwa deki. Nikaiweka glasi mezani, tukaendelea na mazungumzo, na baada ya kama nusu saa nikainusa tena, kwa adabu tu. Safari hii nilimwona bibi yangu, Tanga, akiufunika mtungi juu ya chetezo ili moshi wa ubani uingie ndani kabla hajaujaza maji. Maji ya mtungi ule watoto wa jirani walikuwa wakija kuyaomba. Moshi wa Islay si ubani, lakini ni ndugu yake, na pua yangu ilikuwa inamjua ndugu huyo tangu utotoni.

Tangu siku hiyo nimeacha kutafuta ndani ya wiski vitu ambavyo sijawahi kula. Waandishi wa wiski hutaja maua ya vichaka vya milimani, jemu ya machungwa, keki ya Krismasi, peremende za peasi. Ni maneno sahihi kabisa, kwa mtu aliyekulia Glasgow. Hatua nitakazokuonyesha hapa ni zilezile wanazofuata waonjaji wa Uskoti, ila tukifika kwenye kutaja unachonusa nitakurudisha jikoni kwenu. Na naandika kwa mtu mzima ambaye anakunywa tayari. Asiyekunywa, kwa dini au kwa uamuzi wake, hakosi chochote ambacho udi mzuri hautampa.

Kilichomo ndani ya chupa

Kimea si jambo geni kwetu. Anayepika togwa au busaa hulowesha nafaka, huiacha ichipue, huikausha, huisaga. Waskoti hufanya vivyo hivyo, kwa shayiri peke yake. Nafaka ikichipua, wanga wake huwa tayari kugeuka sukari. Hamira hula sukari hiyo, na matokeo ni kitu kama bia ya asilimia 8 hivi. Bia hiyo hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa, ndani ya mitungi mikubwa ya shaba yenye shingo ndefu, kwa kawaida mara mbili. Kinachotoka ni cheupe kama gongo na kina alkoholi ya asilimia 70 hivi. Rangi bado hakina. Hiyo itatoka kwenye pipa.

Kanuni za Wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinasema kinywaji hicho kikae Uskoti, ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa miaka isiyopungua 3. Kiwekwe chupani kikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 40. Na kisitiwe chochote ila maji na rangi ya karameli. Ili lebo iandikwe Single Malt, ni lazima kiwe kimetengenezwa kwa kimea cha shayiri tupu, katika mitungi ya namna hiyo, ndani ya kiwanda kimoja. Hapa ndipo wengi huteleza: neno Single halimaanishi pipa moja, linamaanisha kiwanda kimoja. Chupa moja inaweza kuwa na wiski ya mapipa mamia. Zile wiski za Uskoti zinazojaa kwenye rafu za baa zetu nyingi ni za mchanganyiko: kimea cha viwanda vingi kimeunganishwa na wiski nyepesi ya ngano au mahindi.

Ladha huingia kupitia milango mitatu, na ukiijua, kuonja kunageuka upelelezi. Mlango wa kwanza ni moto wa kukaushia kimea. Wakichoma piti, ule udongo mweusi wa majani na nyasi zilizooza nusunusu kwa maelfu ya miaka, moshi wake hushika kwenye shayiri na hauondoki tena. Mlango wa pili ni uchachushaji na umbo la mtungi. Mitungi ya Glenmorangie ina shingo za mita 5.14, ndefu kuliko zote Uskoti, na wenyewe hupenda kusema ni kimo cha twiga mzima. Mvuke mzito unashindwa kupanda hadi juu, hivyo kinachopita ni chepesi, cha matunda na maua. Macallan hutumia mitungi mifupi minene, na wiski yake hutoka nzito, yenye mafuta.

Mlango wa tatu ni pipa, na huo ndio mpana kuliko yote. Sheria ya Marekani inataka wiski ya burboni ikomazwe kwenye mwaloni mpya uliounguzwa ndani, kwa hiyo mapipa yao ya lita 200 hivi, yakishatumika mara moja, huuzwa Uskoti kwa wingi. Hayo hutoa vanila na nazi. Mapipa ya lita 500 yaliyozoeshwa mvinyo wa sheri, kutoka kusini mwa Uhispania, hutoa rangi ya hudhurungi, matunda makavu na viungo. Kila mwaka kama asilimia 2 ya kilichomo hupotea hewani, na Waskoti huiita fungu la malaika.

Kuisoma lebo

Namba ya miaka ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo chupani. Chupa isiyo na umri si mbaya kwa sababu hiyo. Mara nyingi ni kwamba mtengenezaji amechanganya na changa na hataki kuitaja. Tazama asilimia ya alkoholi. Chini ya 46, mara nyingi wiski huwa imechujwa kwa baridi, kwa sababu mafuta yaliyomo huifanya iwe na ukungu ikipoa. Mchujo huo huondoa pia kiasi cha uzito wake mdomoni, na ndiyo sababu mimi, nikiwa na hela ya chupa moja tu, huangalia kwanza kama imefika 46. Maneno Cask Strength yanamaanisha haikupunguzwa kwa maji, na inaweza kuwa asilimia 55 au 60. Hiyo usiinywe kavu kama shujaa.

Kuhusu majina: msomaji wa Kiswahili amezoea kutamka kila herufi, na Kigaeli cha Uskoti kitamdhalilisha. Islay ni "Aila". Laphroaig ni "La-froig". Caol Ila ni "Kul-ila". Bruichladdich ni "Bruk-ladi". Glen maana yake bonde.

Na chupa iwe halali. Kwa Kenya kagua stempu ya ushuru ya KRA kwa programu ya Soma Label. Kwa Tanzania stempu ya TRA, kwa Hakiki Stempu. Chupa tupu za wiski ghali hujazwa upya na matapeli, na pombe bandia inaweza kuwa na methanoli, ambayo pua yako haitaitambua. Kizibo kikiwa kimelegea au utepe wake umekatika, usionje hata tone.

Hatua ya kwanza: chumba, glasi, maji

Zima feni. Najua, ni adhabu, lakini feni inapeperusha kile ulicholipia. Usiwe umejipulizia manukato wala kupaka uturi, na udi wa mbu usiwashwe chumbani. Nimewahi kuandika "moshi mtamu wa mbali" kuhusu wiski isiyo na piti hata chembe, kumbe udi wa mbu ulikuwa chini ya kiti. Usionje mara baada ya kula pilau au samaki wa kukaanga, wala baada ya kupiga mswaki. Wachanganyaji wa viwandani hunusa asubuhi, kabla ya chakula cha mchana, wakati pua ni makini. Sisi wengine, Jumamosi saa kumi jioni inatosha, tumbo likiwa na kitu chepesi.

Glasi iwe ya umbo la tulipu, pana chini na iliyobana juu. Glasi ya Glencairn, iliyoingia sokoni mwaka 2001, imetengenezwa kwa kazi hii hasa, lakini glasi ndogo ya mvinyo nayo inafaa. Ile glasi pana, fupi na nzito ya baa ni ya kunywea, kwa kunusa haifai, kwa sababu harufu inatoka pande zote kabla haijakufikia. Isuuze kwa maji ya moto, bila sabuni ya limau, na usiifute kwa kitambaa cha jikoni.

Mimina mililita 15, vijiko vitatu vya chai. Usionje zaidi ya glasi tatu kwa siku moja. Glasi tatu za namna hiyo, zenye asilimia 43, ni pungufu kidogo ya bia moja ya nusu lita, na baada ya hapo pua inachoka hata kama wewe hujachoka. Weka na kikombe cha kutemea. Waonjaji wa kazini hutema, hawaoni aibu. Ukimeza, usiendeshe.

Weka pia maji ya chupa yasiyo na gesi, ya kunywa katikati na ya kutia kwenye wiski. Maji ya bomba yenye klorini yataharibu kila kitu. Tafuta kidondoshea dawa, au tumia mrija: uzibe juu kwa kidole, uachie tone moja moja.

Kisha kuna joto letu. Vitabu husema wiski ionjwe katika joto la chumba, lakini chumba wanachokisema ni cha nyuzi 18 hadi 20. Dar au Mombasa mwezi wa pili chumba kinafika nyuzi 32, alkoholi inapanda kwa fujo na kukupiga kofi puani. Iweke chupa ndani ya beseni la maji baridi kwa dakika kumi na tano. Barafu usiitie: baridi kali hufunga harufu, na utabaki unaonja maji matamu. Ukimaliza kuonja, ukitaka kunywa na barafu, hilo ni jambo lako na koo lako.

Hatua ya pili: macho

Hapa usikawie. Inua glasi mbele ya karatasi nyeupe. Rangi ya majani makavu au dhahabu huashiria mapipa ya burboni. Rangi ya chai ya rangi au ya shaba huashiria sheri. Lakini karameli inaruhusiwa na watengenezaji wengi huitumia ili kila chupa ifanane na mwenzake, kwa hiyo rangi ni fununu, haifiki kuwa ushahidi. Zungusha glasi polepole ukaangalie machozi yanavyoteremka kwenye ukuta wake. Yakiwa membamba na ya haraka, wiski ni nyepesi au changa. Yakiwa manene na ya kusitasita, ina alkoholi nyingi au mafuta zaidi. Yanakueleza uzito wake. Ubora wake hayaujui.

Hatua ya tatu: pua

Kazi kubwa iko hapa. Ulimi unajua tamu, chungu, chachu, chumvi na ile ladha nzito ya supu ya nyama. Karibu mengine yote unayoyaita ladha ni harufu. Tenga dakika kumi kwa glasi moja kabla hujaigusa kwa midomo.

Funika glasi kwa kisahani mara tu ukishamimina, ngoja dakika mbili tatu. Ifunue, iweke usawa wa kidevu, na uilete juu taratibu huku mdomo umeuachia wazi kidogo. Kuacha mdomo wazi kunapunguza ukali wa alkoholi. Usichovye pua ndani ya glasi kama tunavyofanya kwa mvinyo, wala usiizungushe kwa nguvu. Nusa kidogo, kama unayenusa chungu kuona kama mchuzi umeanza kuungua, kisha uiondoe. Pumua hewa ya kawaida. Rudi tena. Jaribu tundu moja la pua, kisha la pili. Mara nyingi halitakupa habari ileile.

Kunusa kwa kwanza karibu daima ni alkoholi tu. Kwa pili kunatokea kitu kikubwa cha jumla: tunda, moshi, utamu, mbao. Usikimbilie jina. Jiulize kwanza ni ukoo gani, ndipo uulize ni mtu gani. Mwaka 1979 watafiti wa wiski wa Uskoti walichapisha gurudumu la ladha lililopangwa kwa mtindo huo, koo kubwa katikati na majina mahususi pembeni. Gurudumu lako litengeneze mwenyewe, hivi:

Ukoo wa nazi. Mwaloni una kemikali ziitwazo laktoni, na harufu yake ni nazi. Mwonjaji wa Edinburgh ataandika "nazi" na kuishia hapo, kwa sababu nazi anayoijua ni ile iliyokunwa ikakaushwa ikatiwa kwenye paketi. Wewe unaweza kusema zaidi. Ni dafu? Ni tui bubu? Ni mafuta ya nazi yaliyopakwa nywele? Ni kashata iliyoanza kuungua pembeni? Kwa pua yangu, wiski nyepesi ya pipa la burboni huwa karibu na tui, na pipa lililounguzwa sana hukaribia kashata.

Ukoo wa viungo. Karafuu hunukia kwa sababu ya eujenoli, na mwaloni ukipata moto hutoa eujenoli hiyohiyo. Kwa hiyo mtu wa Pemba anapoipata karafuu kwenye wiski ya pipa la sheri, hafananishi, ameikuta yenyewe. Tafuta pia mdalasini, iliki, kungumanga, tangawizi mbichi na tangawizi kavu, ambazo ni vitu viwili tofauti. Talisker ya kisiwa cha Skye ina sifa ya pilipili manga, na hiyo utaikuta zaidi kooni.

Ukoo wa matunda. Zile peremende za peasi ambazo Waingereza huzitaja kila mara, na ndizi yako iliyoiva hadi ganda likawa na madoa meusi, ni kemikali moja: isoamili asetati, inayotengenezwa na hamira. Basi andika ndizi. Andika embe dodo, fenesi, pera, ganda la chungwa. Kwa mapipa ya sheri nenda kwenye tende, zabibu kavu, ukwaju, halua nyeusi iliyokaa.

Ukoo wa moshi na bahari. Fenoli, kresoli na guaikoli ndizo zinazobeba moshi wa piti, na Dettol nayo ina kemikali ya ukoo wa fenoli. Sikuwa nimekosea siku ile. Pambanua aina ya moshi: jiko la kuni lililozimwa kwa maji, lami ya barabara mpya, iodini, samaki aliyebanikwa, au kibuyu cha mursik kilichosuguliwa kwa mkaa, kwa wanaokijua. Aliyepita Paje au Jambiani maji yakiwa yametoka, mwani umeanikwa juani, atapata faida kubwa kwa Lagavulin na Ardbeg, viwanda viwili vilivyo jirani na Laphroaig kwenye pwani ya kusini ya Islay.

Ukoo wa nafaka na vitu vya nyumbani. Uji wa ulezi, chapati mbichi, gunia, ngozi ya kiatu kipya, ugoro, nta ya mshumaa. Ukitaka kujua nta ikoje kwenye wiski, tafuta Clynelish ya miaka 14.

Ukikwama, dondosha tone moja kwenye kiganja, sugua mikono, unuse. Alkoholi inaondoka upesi, inabaki nafaka, kisha mbao. Na pua ikichoka, nusa nguo yako mwenyewe au kiwiko, kisha urudi. Watu hushauri kahawa, lakini kahawa ni harufu nyingine kubwa tu juu ya nyingine.

Hatua ya nne: mdomo

Onjo la kwanza ni hodi tu. Chukua kama robo ya kijiko cha chai, ulizungushe, umeze au uteme, na usiandike kitu. Mdomo umeshtuliwa na alkoholi, ushahidi wake haukubaliki. Subiri dakika moja. Onjo la pili liwe nusu kijiko. Litafune kama chakula, lipitishe chini ya ulimi na kwenye ufizi, lihifadhi kwa sekunde kumi hivi. Ile ramani ya ulimi tuliyochora shuleni, tamu mbele na chungu nyuma, ni uongo, usihangaike nayo.

Angalia uzito wake kwanza: ni maji, ni maziwa, ni mafuta? Halafu mpangilio. Nini kilifika mwanzo, nini kikafuata, na kuna kilichoahidiwa na pua ambacho mdomoni hakikufika? Wiski nyingi za bei ya chini zina pua nzuri na mdomo mtupu, na pengo hilo ndilo unalotakiwa kulipima.

Ukishameza, funga mdomo na utoe pumzi kwa puani, taratibu. Harufu zinapanda kutoka nyuma ya koo, na mara nyingi hapo ndipo kile kilichokuwa kinakusumbua kinapata jina. Sasa hesabu: ladha inabaki sekunde ngapi? Chini ya 10 ni fupi. Ikipita 30 ni ndefu. Lakini urefu peke yake hautoshi. Uchungu wa mbao zilizokaa mno nao unabaki muda mrefu, kama dawa ya mwarobaini, na hakuna anayeushukuru.

Hatua ya tano: maji

Kuna watu wanaoona kutia maji ni udhaifu. Wachanganyaji wanaolipwa kwa pua zao hunusa sampuli zao zikiwa zimepunguzwa hadi asilimia 20 hivi. Mililita 15 za wiski ya asilimia 40, ukitia maji mililita 15, umefika palepale.

Wewe usifike huko kwa mkupuo. Tia matone matatu, ngoja dakika moja, nusa, onja. Tia mengine matatu. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba guaikoli, ile ya moshi, hukaa karibu na uso wa kinywaji alkoholi inapokuwa asilimia 45 au chini yake, lakini ikizidi 59 huzama ndani. Ndiyo maana Cask Strength ya Islay inaweza kuonekana bubu hadi uipe maji, kisha chumba kizima kijue. Nyingine, hasa za asilimia 40 ambazo zimeshapunguzwa kiwandani, huvunjika kwa matone sita: utamu unatawanyika, inabaki mbao na maji. Andika ilifika wapi kabla ya kuvunjika.

Hatua ya sita: kutoa hukumu

Andika kabla ya kuzungumza. Ukiwa mezani na watu, anayesema kwanza kwa sauti kubwa huwaonjea wote. Kadi yangu ina mistari minne, kila mmoja alama 25: pua, mdomo, ladha inayobaki, na uwiano. Uwiano ndio mgumu. Moshi mkali si kosa kwenye Ardbeg. Ni kosa iwapo hauachi nafasi kwa kingine chochote. Kupenda na kupima ni vitu viwili, vitenganishe: unaweza kuipa wiski alama 85 na usitake kuiona tena.

Kuna kasoro za kweli, zisizohusu mapendeleo. Kiberiti kilichowashwa, mpira ulioungua au kabichi iliyopikwa mno ni salfa, na mara nyingi hutokea kwenye mapipa ya sheri yaliyofukiziwa salfa ili yasioze safarini. Kidogo chake huongeza ladha kama ya nyama. Kikizidi, glasi imeharibika. Boksi lililolowa au gunia lenye ukungu ni kizibo kibovu. Sabuni mdomoni hutokana na ukenekaji. Harufu kali ya rangi ya kucha kwenye wiski changa inaweza kupungua ikipumua nusu saa, basi ipe nafasi. Na wiski iliyopooza, isiyosema lolote, huenda ilikaa chupani ikiwa robo kwa mwaka mzima. Chupa iliyofunguliwa isimamishwe wima, gizani, kwa sababu pombe kali hula kizibo. Ikishuka chini ya theluthi moja, iishe ndani ya miezi michache.

Hatua ya saba: jaribio la kuficha

Nimewahi kuandika ukurasa mzima kuhusu wiski niliyoambiwa ina miaka 18. Niliona tende, niliona ngozi ya kale, niliona busara. Rafiki yangu alisubiri nimalize, kisha akaleta chupa: mchanganyiko wa bei nafuu, wa dukani kwa jirani. Tangu hapo siamini alama zangu mwenyewe nikiwa nimeiona lebo.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Mtu mwingine amimine glasi tatu, mbili za wiski moja na ya tatu ya nyingine, azibandike namba chini wewe ukiwa nje. Kazi yako ni kutaja ipi ni ya peke yake. Kwa kubahatisha utapatia mara moja kati ya tatu, kwa hiyo rudia siku nyingine, mara nne au tano, kabla hujajisifu. Ukishindwa kutofautisha ya miaka 12 na ya miaka 18, umeokoa hela nyingi.

Kwa kuanzia, chupa tatu zilizo mbalimbali zitakufundisha kuliko kumi zinazofanana: Glenlivet ya miaka 12 kwa wepesi na matunda, GlenDronach ya miaka 12 kwa sheri, Laphroaig ya miaka 10 kwa piti. Zionje kwa mpangilio huo, piti mwisho, maana ukianza nayo hakuna kingine utakachokisikia. Kama bei ni kubwa, gawaneni watu watatu. Kila mmoja alete moja.

Kinabaki kitu kimoja cha kufanya, na hakina gharama. Usioshe glasi usiku. Ziache mezani zimefunikwa kwa kisahani, na asubuhi, kabla ya chai, zinuse zikiwa tupu. Alkoholi imeshakwenda zake. Kilichokauka chini ni pipa na moshi peke yake. Ya sheri kwangu hubaki kama kikombe cha kahawa chungu kilichosahauliwa barazani. Ya Islay hubaki jivu la jana na kitu kitamu nyuma yake, ambacho kwa miaka miwili nilikosa jina lake, nikaja kukiandika "kanga iliyotoka kufukizwa". Andika chako, ndipo uoshe.